Mstari wa Waridi

Ule mstari wa waridi pale Cheonan
niliuchora mimi. Mimi, na Pyo, na kijana mmoja wa Gongju
aliyeimba kwa pua usiku kucha
huku tukiikokota mashine ya rangi
mpaka barabara inapopasuka kama suruali:
mguu huu Daejeon, mguu ule Nonsan.
"Mchoreeni hata mwenye usingizi," alituagiza msimamizi,
"afuate rangi, asihangaike kusoma."

Miaka kumi na mmoja. Nimestaafu na magoti mabovu.
Leo mkesha wa sikukuu, Seoul nzima inarudi kwao,
nami nimo katikati, leni ya pili,
Bong-nyeo ubavuni amelala mdomo wazi,
kasha la peasi za kaka yangu mapajani mwake,
kila peasi imevikwa karatasi kama mtoto wa tajiri.
Kushoto, ndani ya mstari wa buluu,
mabasi yanatupita bila kututazama.

Indiketa niliiwasha kilomita mbili kabla.
Tik, tik, tik. Ndivyo ilivyo adabu:
unabisha hodi mapema,
huji kusukuma mlango chakula kimeshapakuliwa.
Hodi yangu ikaitikiwa. Lori la kabichi likapunguza mwendo,
pengo likafunguka, pana kama kitanda.

Ndipo nikaliona mbele yangu gari dogo jeupe,
na karatasi kwenye kioo cha nyuma:
NIMEPATA LESENI JUZI. MAMA ANAOGOPA KULIKO WEWE.
Indiketa ya kulia. Ya kushoto. Ya kulia tena.
Nikakanyaga breki, nikampungia mkono ambao hakuuona.
Akaingia.
Taa zake za tahadhari zikapepesa mara tatu,
ile asante yetu ya barabarani isiyo na mdomo,
nami nikatabasamu peke yangu kama bwege,
na pengo likafungwa.

Bampa kwa bampa.
Watu wanaoujua mstari, wasiojuana wao kwa wao.

Ikabaki ile pembetatu ya michirizi myeupe
inayozitenga njia mbili.
Wapo wanaoikata. Mmoja aliikata mbele ya macho yangu,
gari jeusi, maridadi, wala hakuomba radhi hata kwa taa.
Nami nafasi nilikuwa nayo. Nakiri. Mkono ulishaanza kuinama na usukani.
Lakini michirizi ile naijua mmoja mmoja.
Wa saba kutoka nchani umepinda,
hatukuurudia,
kwa sababu tulikuwa tunauchora
mtu alipoikumbuka Nonsan akiwa ameshaipita,
akakata kona,
na Pyo alikuwa ameinama, anapima kwa kamba.

Kijana wa Gongju hakuimba tena. Sijui siku hizi anafanya kazi gani.

Basi nikaunyoosha usukani.
Mstari wangu ukaenda kulia, taratibu, ukazama nyuma ya kilima,
nami nikabebwa mpaka Mokcheon, ambako sina ndugu.

"Hii si njia ya Nonsan,"
akasema Bong-nyeo bila kufumbua macho;
miaka arobaini ananisoma kwa mlio wa injini.
"Siyo."
"Na mstari wenu?"
"Upo. Umenyooka vizuri."
"Kinyozi hajinyoi," akasema, akajinyoosha,
akachungulia dirishani vilima visivyo vyetu.
Sikumweleza habari ya karatasi ile, wala ya mama anayeogopa.
Angeniuliza kwa nini siku zote ni mimi.

Kwenye lango la ushuru mashine ilitusalimu kwa heshima,
ikachukua pesa yake.
Nikageuza. Foleni ya kurudi nayo ilikuwa ndefu.
Nikasikia karatasi ikichanwa, kisha kisu,
na kipande cha peasi, baridi, kikaja mdomoni mwangu
nikiwa nakodolea taa nyekundu za mbele.

"Kaka yako," akasema Bong-nyeo huku akitafuna,
"hajawahi kuhesabu."